Kigoda Nyuma ya Mlango

Alhamisi ile vinyonga wote walikuwa wanatazama kigoda.

Anayemjua kinyonga ataona kosa lilipo. Macho ya kinyonga hayasikilizani: moja linamvizia nzi, jingine linakutazama wewe uliyemletea. Lakini vinyonga arobaini wa Mansuri, wadogo wadogo wasiozidi kidole, walikuwa wamekaza macho yote mawili, kila mmoja kwenye sanduku lake la wavu, wakitazama kigoda kitupu nyuma ya mlango. Radhia, mkewe, akabaki amesimama na bakuli la panzi. Chumba kilinuka zizi la ng'ombe, na nyumba ile haikuwahi kufuga hata kuku.

Hakuwataka tangu mwanzo. Biashara ya watu binafsi ilipofunguliwa, watu wenye akili zao walikimbilia mitumba na mafuta ya alizeti. Mumewe yeye, mjukuu wa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani, akaamua kuzalisha vinyonga, wauzwe Arusha na kusafirishwa Ulaya. Akawapa chumba cha mtoto. Rukaya, binti yao wa miaka minne, akahamishiwa sebuleni na kitanda chake.

"Baba Rukaya, mle chumbani kuna kitu."

"Kuna vinyonga," alijibu Mansuri bila kuinua uso.

Ijumaa macho yalikuwa yamehama kigodani, yanatazama kizingiti. Jumamosi yalitazama nje ya mlango, hatua moja sebuleni. Radhia akachukua mkaa, akaweka alama sakafuni pale macho yalipokutana, na kila adhuhuri akaongeza nyingine. Alama zilikwenda upande mmoja tu, kwenye kitanda cha Rukaya. Akakihamishia ukuta wa pili. Kesho yake alama nayo ikakata kona.

"Unanichafulia sakafu," Mansuri akalalamika.

"Mwanao anafuatwa!"

"Na nini? Mbona mimi sikioni?"

Mwalimu wa madrasa aliletwa, akasoma, ubani ukafukizwa hadi watu wakakohoa. Harufu ya zizi ikaumeza ubani wote. Mansuri akatangaza kwamba yameisha. Radhia alilia kwa hasira, maana kumweleza mume yule ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Adhuhuri ya Jumatano, jua limesimama utosini na mtaa wote kimya, Radhia alikuwa amepiga magoti na mkaa wake karibu na kitanda alicholalia mtoto, akitazama kule chumbani vinyonga walivyogeuza vichwa pamoja, polepole, kama wanaomsindikiza mtu, na harufu ikamjia mpaka puani, samadi mbichi na maziwa yaliyolala kwenye kibuyu, na juu ya kichwa chake, pasipo na mtu, mzee akajikohoza.

Alimnyakua mtoto, akakimbilia kwa jirani yake Theodora, mama wa Kinyaturu kutoka Ikungi. Theodora alifika mlangoni, akanusa, akakataa kuingia.

"Shemeji," akamwita Mansuri kwa sauti ya chini, "hawa wadudu wako wanataga wapi?"

"Kwenye mabeseni ya udongo."

"Udongo wa wapi?"

"Mahame ya njia ya Ikungi. Laini, mweusi, una samadi ya zamani. Kinyonga anaupenda."

Theodora akajishika kichwa. "Pale palikuwa zizi la babu yetu Alute. Mwenye boma tulimzika zizini kwake. Tulipohamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa tukamwacha pale, na mpaka leo anayepita anamwamkia. Wewe umempakia kwenye beseni, ukaweka mijusi imtagie! Siku zote hizi mzee amekaa kwenu, kuna aliyemwambia hata shikamoo?"

Akamnyooshea Mansuri kidole.

"Rudisha udongo wote. Halafu piga magoti umwamkie. Usiondoke kabla."

Mansuri alipakia magunia kwenye baiskeli, akaenda, akarudi jioni na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Umemwamkia?"

"Nimerudisha udongo."

"Nimekuuliza, umemwamkia?"

"Radhia, mtu mzima mimi niliamkie shimo? Watu wanapita!"

Radhia alitamani kumtandika mwiko. Lakini harufu ilikuwa imekwisha, na kesho yake macho ya vinyonga yakarudia kutosikilizana, moja huku, jingine kule. Akafuta alama za mkaa. Siku sita alilala usingizi mzuri.

Ya saba aliingia na bakuli la panzi, Rukaya amemshika kanga nyuma. Vichwa arobaini vikageuka. Radhia akatazama kigoda, kitupu. Akatazama kizingiti. Ndipo alipoona kwamba macho yanamfuata mtoto, aliyekuwa ameiachia kanga na kwenda nyuma ya mlango, hatua moja, kusita, hatua nyingine, mpaka akafika na kukaa, mikono juu ya magoti.

"Baba Rukaya," Radhia akaita. "Njoo."

Mansuri akaja. Kila siku Rukaya alimkimbilia kwa shikamoo. Leo alikaa palepale, akajikohoza kikohozi kizito cha ugoro, akamtazama baba yake na kungoja.

"Mwamkie," Radhia akanong'ona.

"Nani? Mwanangu mwenyewe?"

"Mansuri, nakuomba, mwamkie!"

Harufu ya zizi ikajaa chumba. Mansuri akajikuta amepiga magoti.

"Shi... shikamoo."

Rukaya hakuwa na haraka.

"Marahaba," akasema. "Leteni maziwa."