Mwavuli wa Buluu wa Mzee Fermín

Kila Agosti, Candela alitoka Sevilla kwenda Cádiz kukaa wiki tatu kwa bibi yake, Remedios. Kazi yake ya likizo ilikuwa moja tu: kuamka mapema, kubeba mwavuli wa jua mpaka ufuo wa Caleta na kuwahi nafasi karibu na maji. Mengine yote yalikuwa raha: kuogelea, kutafuta kaa miambani na kula mpaka tumbo liseme basi.

Siku hiyo alipitiwa na usingizi. Alipofika ufuoni, mstari wa mbele ulikuwa umejaa. Nafasi bora kuliko zote, pale mchanga ulipokuwa mgumu, ilikuwa na mwavuli wa buluu usio na mtu. Candela akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaung'oa, akauchomeka mstari wa nne, kisha akausimamisha wa kwao pale pale.

Bibi alifika na viti, tikiti maji na chapati nene ya mayai na viazi. Alipoona bahari ilivyo karibu, akatabasamu.

“Leo umewaweza, mjukuu wangu. Hapa nitalowa miguu nikiwa nimekaa.”

Candela akacheka, akajitosa majini.

Alipotoka, alimwona msichana wa rika lake akizungukazunguka katikati ya miavuli. Nyuma yake alisimama mzee mwenye magongo mawili, jasho likimtiririka.

“Babu Fermín, niliuchomeka hapa hapa,” msichana alisema. “Nilirudi kukuchukua tu.”

“Basi Aitana, mwavuli umeota miguu,” mzee akasema. “Ungeniachia mimi hiyo miguu, naihitaji zaidi.”

Waliowazunguka wakacheka. Aitana hakucheka. Waliuona mwavuli wao kule nyuma, wakauendea polepole, magongo yakizama mchangani. Mzee akaketi, akavua viatu, akabaki kuyatazama maji kwa mbali.

“Na daktari alisema miguu iingie baharini kila siku,” Aitana alilalamika, sauti yake ikifika mpaka mstari wa mbele.

“Tutajaribu kesho. Lakini kesho uwe makini, mama.”

Candela alikuwa amepewa kipande cha tikiti. Akakiweka chini.

“Bibi, ule mwavuli niliuhamisha mimi.”

Bibi Remedios akaweka kisu chini. Hakupandisha sauti.

“Kwa mkono gani?”

“Yote miwili.”

“Basi kwa mikono hiyo hiyo ukaurudishe. Na mdomo nao uende ukaseme.”

Hatua zile chache zilikuwa ndefu kuliko njia nzima ya kutoka nyumbani. Candela alisema yote bila kuinua macho.

“Kumbe ni wewe,” Aitana alisema, uso umemwiva. “Babu ameniona mzembe mbele za watu.”

“Nisamehe. Nilichelewa kuamka, nikaona haya kumwambia bibi.”

Mzee Fermín akajikuna kidevu. “Hata mimi nimemlaumu asiye na kosa. Aitana, niwie radhi. Haya, wewe mwizi wa vivuli, nipe bega.”

Bibi akasogeza viti, miavuli miwili ikakaa bega kwa bega. Mzee alipotumbukiza miguu majini, alishusha pumzi ndefu hadi Aitana akasahau hasira, akacheka. Mchana maji yalipopwa, wasichana wakaenda miambani, wakarudi na ndoo ya kaa, wakawahesabu na kuwaachia. Mzee Fermín alimfunga Bibi dhumna mara tatu, naye Bibi akadai mzee anachungulia.

Jioni, wakikunja viti, Bibi alimshika Candela mkono.

“Ungeniambia tu kwamba umechelewa, tungekaa nyuma, na chapati ingekuwa tamu vile vile. Kuchelewa si aibu. Aibu ni kumwacha mwenzako alaumiwe kwa kosa lako. Lakini umekwenda mwenyewe ukasema, na kwa hilo nimefurahi kuliko nafasi yoyote ya mbele.”