Maji ya Babu Eladio

Kila jioni Sabela alipotoka shule alimkuta Bibi Balbina jikoni akichambua maharagwe. Sabela alitupa mkoba, akakata mkate na jibini, akavuta kiti. Lakini mwaka ule si maharagwe yote yaliyokwenda chunguni. Mengine yalipangwa juu ya ramani iliyotandazwa mezani: jeupe pale watakapolala, jeusi pale penye maji. Kijiji chao, Penalonga, kilikuwa pembeni kabisa mwa ramani. Pembe ya pili, juu ya majabali ya bahari, ndipo lilipokuwa kanisa la Mtakatifu Andrea wa Teixido.

Bibi alikuwa akipanga kumpeleka mumewe. Babu Eladio alikuwa amefariki ghafla majira ya baridi, hajafika Teixido hata mara moja. Na watu wa Galisia, kaskazini mwa Hispania, hata wale wanaojifanya hawaamini, habari hiyo wanaijua. Marehemu ambaye hakufika kule anabaki na safari yake mabegani. Roho yake itakwenda peke yake, ikitambaa katika mwili wa mjusi au chura, mpaka ifike. Dawa ni jamaa zake wakamwalike kaburini, watembee naye, waongee naye njiani na kumwekea chakula chake.

Siku hizi wengi huwapeleka marehemu wao kwa basi, na kiti wanawalipia. Shangazi Ermitas alishauri nao wafanye hivyo. Bibi akamkata kauli.

"Baba yako alikuwa anatapika kwenye basi tangu ujana wake. Leo amekufa ndiyo nimpakie?"

Hivyo ikawa kwa miguu. Daktari alikubali kwa shingo upande, maana moyo wa Bibi ulikuwa umechoka. Alisema atembee polepole, asikose maji, na mchana apate mahali pa kujilaza. Mwanzo wa njia haukuwa na shida, vijiji vipo. Shida ilikuwa siku ya mwisho, kwenye milima ya Capelada, ambako hakuna ila farasi wa porini na ukungu. Bibi alikumbuka chemchemi moja huko juu, na karibu yake nyumba ya Mama Hortensia aliyekuwa akiwapokea mahujaji. Lakini kumbukumbu hiyo ilikuwa ya zamani. Kwa hiyo Jumamosi moja Sabela na binamu yake Iria walitumwa waende kwa basi hadi Cedeira, kisha wapande mlima wakaone kwa macho yao.

Sasa Cedeira ina ufuko mzuri, na siku ile jua lilikuwa kali. Iria alikutana na rafiki zake wakichoma dagaa mchangani. Sabela alipomkumbusha habari ya mlima, Iria alicheka, akamuuliza kama hiyo chemchemi ina miguu ya kukimbia. Wakaogelea, wakala, wakarudi nyumbani pua zimewaiva kwa jua.

"Haya, maji yapo?" Bibi aliuliza.

"Yapo, Bibi. Mengi," Sabela alijibu.

"Na Hortensia?"

"Hajambo. Anakusalimia."

Hiyo salamu hakuna aliyemtuma aiongeze. Bibi alifurahi mpaka akafuta macho kwa aproni, akachukua harage jeusi na harage jeupe, akayaweka pamoja juu ya mlima. Tangu siku hiyo Sabela hakupenda kuitazama ile ramani. Kila jioni alijiambia atasema kesho, na kila kesho ilipofika alipata shughuli nyingine ya kufanya.

Agosti ikaingia. Asubuhi ya safari walipitia makaburini. Bibi aligonga jiwe la kaburi kwa vidole, kama anayemwamsha mtu aliyechelewa kazini. "Eladio, amka. Twende zetu." Toka hapo, kwa Bibi walikuwa watu wanne: yeye, Shangazi Ermitas, Sabela na Babu. Wakipumzika alimwonyesha Babu penye kivuli. Wakila, mkate wake ulikatwa. Alikuwa na chupa yake ya maji pia, Sabela ndiye aliyeibeba, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Njia nzima Sabela alitazama anapokanyaga, asije akamponda mjusi.

Siku ya mwisho walianza kupanda. Kwa kuwa juu kulikuwa na harage jeusi, walibeba maji kidogo tu, ili Bibi asielemewe. Jua liliwapiga tangu asubuhi. Chupa zao zilikauka mapema, Bibi akawa anasimama kila baada ya hatua chache, mkono kifuani, akisema si kitu, Hortensia yuko karibu.

Chemchemi walifika. Ilikuwa birika la jiwe lenye tope lililopasuka na majani makavu. Shangazi Ermitas aliingiza kidole kwenye mdomo wa bomba, kikatoka na vumbi. Wakakimbilia nyumba. Mlango ulikuwa umefungwa kwa mnyororo ulioota kutu, na viwavi, yale majani yanayowasha, vilikuwa vimefika dirishani. Shangazi akamgeukia Sabela.

"Labda amekwenda sokoni," Sabela alisema. Hata yeye mwenyewe aliona aibu kulisikia neno hilo.

Bibi aliketi kizingitini. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Kutoka baharini ukungu ulianza kupanda, ukameza farasi, ukameza njia. Simu ya Shangazi haikushika mtandao. Alimvua Bibi viatu, akamfungua kola, akamwambia Sabela asiondoke na asiache kupiga kelele ukungu ukizidi. Kisha akateremka mbio kutafuta watu.

Wakabaki wawili. Pumzi ya Bibi ilikuwa fupi, inakwenda na kusita. Sabela alimpepea kwa kofia huku machozi yakimtiririka.

"Hortensia alikuwa hajambo kweli?" Bibi aliuliza, macho amefumba.

"Bibi, sikufika huku. Siku ile nilikuwa baharini na Iria. Sikumwona mtu. Nilidanganya yote."

Sabela akaifungua chupa ya Babu, akamsogezea mdomoni. Bibi akageuza uso.

"Hayo ya Eladio. Kila mwaka alitaka kuja, nikamwambia mwakani. Safari nimemkosesha, na maji nimnyang'anye?"

Sabela alimsihi, akambembeleza, akamshika kidevu. Bibi aliibana midomo. Jamani, mtoto afanye nini hapo? Akafanya alichomwona Bibi akikifanya njia nzima. Alipageukia mahali patupu pale kizingitini.

"Babu, ni mimi Sabela. Bibi anakufa kwa uongo wangu, na maji yako hataki kuyanywa. Nakuomba umpe. Nikasirikie mimi."

Upepo ulipita kwenye viwavi. Hakuna sauti iliyojibu wala mjusi aliyetokea.

"Amesemaje?" Bibi aliuliza.

Jibu lilikuwa rahisi. Neno moja tu, amekubali, na Bibi angekunywa. Sabela alilihisi neno hilo likiwa tayari ulimini.

"Sijui, Bibi. Sikusikia kitu."

Bibi alifumbua macho, akamtazama. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete chupa. Ungeniambia amekubali, ningejua ni uongo tena, nisingeigusa."

Alikunywa kidogo kidogo, Sabela akimshikia kichwa. Kisha Sabela akaanza kuita. Aliita mpaka sauti ikamkauka, akaendelea kugonga ule mnyororo mlangoni, mpaka katika ukungu ikajibu honi. Alikuwa Shangazi, pamoja na mchunga farasi mwenye gari bovu. Bibi alipakiwa, akataka dirisha liachwe wazi kwa ajili ya Eladio. Alilala nyumbani kwa mchunga farasi huyo na daktari wa karibu akaitwa. Aliporuhusiwa kusimama, alidai arudishwe pale pale kwenye nyumba ya Hortensia, na kipande kilichobaki akakiteremka taratibu kwa miguu, Sabela amemshika mkono, na maji wamebeba tele.

Baada ya misa kule Teixido walikwenda kula mgahawani, na kiti kimoja kikaachwa kitupu. Sabela hakugusa chakula chake. Bibi akasogeza sahani yake pembeni.

"Sikia, mjukuu wangu. Ungeniambia pale jikoni kwamba hukufika, ningekugombeza, kisha tungebeba maji zaidi. Yangeishia hapo. Mtu akikupa kazi ya kwenda kumwonea njia, anakanyaga juu ya neno lako. Usimpe neno ambalo wewe mwenyewe hujalikanyaga."

"Nimesikia, Bibi."

"Haya, mimina maji."

Sabela akachukua jagi, akalielekeza kwenye glasi ya Bibi. Bibi akaifunika kwa kiganja.

"Anza na mwenye maji," alisema.

Sabela akazunguka meza, akasimama kwenye kiti kitupu, akamjazia Babu glasi yake mpaka juu.