Siku Tisa na Jeep ya Edouard

Mlinzi wa lango alisogea hadi dirisha la jeep kabla kioo hakijashuka chote, akapiga saluti, akasema kwa uchangamfu:

— Karibu, patron. Meza yenu ya kila siku iko libre. Na Madame Bijou, anakuya nyuma?

Kioo kikamaliza kushuka. Mlinzi akamwona Israël kwenye usukani, kisha akamwona Chilufya pembeni yake, amevaa kitenge kipya na nywele zimesukwa asubuhi ileile. Akaomba pardon mara mbili, akaenda kufungua lango haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, kwenye hoteli ya Karavia, Lubumbashi. Israël alikuwa ameomba watoke wawili, wale samaki wa kuchoma, waongee mambo yao. Walikuwa wachumba mwaka wa nne sasa.

— Bijou njo nani? Chilufya akauliza.

Israël akajibu kwamba hamjui, na ilikuwa kweli.

— Ule mulinzi anaijua hii jeep. Anajua na meza yenu.

— Mi siyakuya hapa hata siku moja.

— Basi jeep ilikuya yenyewe?

Hapo Israël alikuwa na neno moja la kumaliza yote: jeep si yangu. Lilifika mpaka kwenye ulimi, likakwama. Chilufya alimtazama, akangoja. Magari mawili nyuma yao yakaanza kupiga honi. Alipoona hajibiwi, akafungua mlango, akashuka, akasimamisha pikipiki barabarani, akaondoka na kitenge chake kipya bila kugeuka.

Israël alikuwa topographe, mpima ardhi katika kampuni ndogo yenye kazi upande wa mgodi wa Kinsevere. Kwa miaka kumi alikuwa na gari lake dogo la kijivu, lililokuwa limeshazeeka siku alipolinunua. Ndani mlikuwa na buti zake za matope, vyuma vyake vya kupimia, na kila Jumamosi magunia ya Chilufya. Chilufya aliuza ndakala, wale dagaa wakavu, sokoni Naviundu, na harufu yao ilikuwa imeingia mpaka kwenye usukani.

Mwaka mmoja uliopita, mama yake Chilufya, Mama Marceline, alisema mbele ya wageni kwamba gari la mkwe wake linakohoa. Wageni walicheka, na Israël alicheka nao, lakini neno lile lilimwingia kama mwiba. Tangu siku hiyo, kila walipozungumza tarehe ya ndoa, alisema wangoje kwanza abadilishe gari. Kabla ya hapo alikuwa na sababu nyingine. Kuanzia hapo alibaki na hiyo moja.

Kisha boîte ya gia ikafa. Guelor, fundi wake, akasema kipuri kitatoka Zambia, kitapita mpakani Kasumbalesa, na itachukua wiki moja au zaidi. Wiki hiyohiyo rafiki yake Edouard alikuwa anasafiri kwenda Kinshasa, akamwachia jeep yake nyeusi, mpya, yenye vioo vya giza. Alimwambia aitembeze tu, betri isilale.

Jumamosi ya kwanza Israël alifika nayo nyumbani kwa kina Chilufya, Naviundu, akiwa na nia ya kueleza. Hakupata nafasi. Mama Marceline alitoka na vigelegele, majirani wakatoka nyuma yake, na Chilufya akaweka mkono kwenye boneti na kusema, polepole, "Motoka yetu." Israël alitabasamu. Baada ya tabasamu lile, kila siku iliyopita ilifanya ukweli uwe mzito zaidi kuutoa.

Na raha yenyewe hakuiona. Jeep ililia kwa kila kitu: mkanda, mlango, ukuta, mbuzi aliyepita nyuma. Aliiendesha kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai ya jirani. Kwenye mashimo ya Naviundu alishuka kwanza kuangalia, ndipo akapita. Buti zake alizifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Jumamosi iliyofuata, magunia ya ndakala aliyatafutia taxi. Chilufya aliuliza kama jeep inaogopa samaki, naye akajibu kwamba viti ni vipya. Kesho yake ndiyo wakaenda Karavia.

Jumapili ile jioni Israël alimpigia Chilufya simu mara sita. Mwishowe ikaingia meseji:

"Mama alinifundisha kuuliza mara moja tu. Niliuliza. Haukujibu. Usinipigie tena."

Aliisoma akiwa ameketi kwenye jeep, ndani ya ua wake, mlango umefungwa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na alijua vizuri kwamba wanawake kama Chilufya hawaji mara mbili.

Jumatatu asubuhi Guelor akapiga simu: kipuri kimefika tangu Ijumaa, gari limepona, aje alichukue. Israël aliiacha jeep uani, akaenda kwa miguu mpaka barabara kubwa, akapanda taxi.

Gari lake lilikuwa limeegeshwa kati ya malori mawili, dogo, limejaa vumbi. Aliketi. Kiti kikampokea palepale pa mgongo wake. Mkono ukaenda kwenye gia bila macho kuusaidia. Alipowasha, injini ilikohoa mara mbili, ikakaa sawa, na Israël akajikuta anacheka peke yake. Guelor aliuliza kama kuna kitu hakiendi. Israël akamjibu kwamba vyote vinaenda.

Njiani alishusha vioo. Muuza mafuta ya chupa akamwinulia mkono. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye Israël alizoea kumpa lifti, akamsimamisha na kumwuliza alikuwa safari gani, maana wiki nzima hajamwona. Israël alikuwa amempita kila asubuhi akiwa nyuma ya vioo vya giza. Alimfungulia mlango. Harufu ya ndakala ilikuwa bado imo. Alikumbuka msimu wa mvua wa mwaka juzi, Mama Marceline alipozidiwa na malaria, maji ya mto yakiwa yamefunika njia na taxi zote zimekataa. Gari hili ndilo lililopita, huku Chilufya amemshika mama yake nyuma na maji yanaingia miguuni. Gari lililofanya hivyo, yeye alikuwa analionea haya.

Alimshusha mwalimu, akaenda moja kwa moja Naviundu.

Chilufya alikuwa uani na mama yake, wanachambua ndakala kwenye sinia. Alipolisikia gari aliinua kichwa, kisha akakirudisha kwenye sinia. Israël hakungoja kukaribishwa kiti.

— Mama, jambo yenu. Chilufya, ile jeep haiko yangu. Iko ya Edouard, rafiki yangu. Aliniachia juu motoka yangu iliharibika boîte. Siku ile mulitoka na vigelegele, nilipata haya ya kusema. Na Bijou, mi simujui. Nazania Edouard njo anamujua.

Chilufya alipangusa mikono.

— Mupigie. Weka sauti.

Edouard aliitika kutoka Kinshasa. Israël alimsimulia habari ya mlinzi na meza, na kwamba Chilufya anasikiliza. Upande wa pili kukasikika kicheko kirefu.

— Ule mulinzi, kinywa yake haina mulango. Chilufya, Bijou iko mwanamuke ninataka kuoa. Niko mujane miaka tano. Nilitaka batoto bangu bajue kwanza, kabla ya Lubumbashi yote. Sasa weye umejua kabla yao. Unitunzie ile habari mpaka Jumamosi, nakuomba.

Chilufya aliahidi, akampa pole na hongera kwa pamoja, simu ikakatwa. Israël akapumua, lakini Mama Marceline alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

— Jana nilisimama mu kanisa, akasema. Nilitoa témoignage, ushuhuda yangu. Nilisema Mungu alimupa mukwe wangu jeep. Bantu balipiga makofi. Chorale iliimba.

Israël alisali parokia nyingine. Hakuwa na habari. Alitamani ardhi anayoipima kila siku immeze. Aliomba msamaha, kisha akasema alichokibeba mwaka mzima: kwamba alijua wanalidharau gari lake, na alitaka siku moja tu wamwone kama mwanaume aliyefika.

— Nani aliizarau? Mama Marceline akauliza. Nilisema inakohoa. Na miye nakohoa. Mwana wangu, mwaka muzima unasema ndoa itafuata motoka. Nilipoona ile jeep, nilizania harusi iko nyuma yake. Njo ile nilipigia vigelegele.

Israël alimgeukia Chilufya. Yeye alikuwa bado hajacheka.

— Jana Bijou aliniuma, Chilufya akasema. Leo kinaniuma kingine. Siku tisa ulikuwa karibu na miye, na haukuwa weye. Ulinyamaza mu ile jeep kama uko mu hôpital. Ndakala zangu ukazituma mu taxi. Mu hii motoka ndogo ulikuwa unazibeba, na unaimba vibaya, na unaniambia mambo yote ya kazi yako. Mi nilikubali ule muntu. Ule wa jeep, hapana.

— Ule wa jeep nimemuacha uani, Israël akasema. Nisamehe. Na ndoa, taja weye tarehe.

Chilufya akasema atataja, ila kwa sharti moja: Jumapili asimame kanisani kwao na kurekebisha ushuhuda wa mama yake, mbele ya watu walewale.

Wiki ile Israël alilala vibaya kila siku. Jumapili akasimama, suti imembana, akaiweka karatasi yake mfukoni na kusema bila kusoma. Aliwaambia kwamba jeep ilikuwa ya kuazima na imesharudi kwa mwenyewe, kwamba Mama Marceline hakudanganya bali alidanganywa, na kwamba aliyemdanganya ni yeye. Aliwaambia gari lake ni lile la kijivu pale nje, na Mungu analipenda, maana bila Mungu lisingetembea. Kanisa likacheka mpaka pasta akavua miwani kujifuta macho. Kisha Israël akasema kwamba tarehe ya ndoa imetajwa: Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, na wote wamealikwa. Vigelegele vya siku ile, Mama Marceline alivianza kabla Israël hajamaliza sentensi, na safari hii alijua anapigia nini.

Nje, Edouard alikuwa amekuja na Bijou, mwanamke mrefu mwenye aibu, kuwapa hongera. Alitoa jeep iwe ya maharusi. Chilufya akamshukuru kwa adabu, akakataa.

Walirudi kwenye gari lao wawili, Israël akakaa kwenye usukani. Israël alikuwa anatafuta funguo mfukoni alipoona Chilufya hajakaa upande wake. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa dereva, viatu mkononi.

— Ile jeep haungeniacha hata kuigusa, akasema. Hii utanifundisha?

Israël akahamia kiti cha pembeni. Gari likaruka mbele, likazima. Likaruka tena, likazima. Watu wa kanisa wakasimama kuangalia, watoto wakapiga makofi, na safari ya tatu likashika, likatoka polepole kwa gia ya kwanza kuelekea Naviundu, Chilufya ameng'ang'ania usukani na Israël anaimba, vibaya, kwa sauti yote.