Mahari Yaliyoibwa Hadithini

"Mama, mtu hawi mwizi kwa sababu mie nimeandika kwamba kaiba."

"Kwa sababu gani basi? Hebu niambie weye, mwandishi."

Bi Kazija alikuwa amesimama mbele ya kabati lake, milango wazi, nguo zote kitandani. Mahari ya binti yake Khairat, ambayo watu wa Tumbe waliyaleta jana alasiri yamefungwa ndani ya leso nyeupe, hayapo. Alikwisha kung'uta mito, akapekua vyungu, akamulika tochi mpaka nyuma ya friji. Hayapo.

"Jana umeandika nini?" akauliza.

"Nimeandika hadithi, mama."

"Hadithi ya nini?"

Khairat akatazama chini. Mchana alikuwa mwalimu wa chekechea hapo Gombani. Jioni alikuwa akirusha riwaya ya kutisha kwenye kundi la WhatsApp la vijana, kwa sauti yake mwenyewe, polepole, na mkwaruzo kidogo ili watu waogope. Ni habari za msichana Raniya, aliyependana na kijana mtanashati anayeitwa Haitham. Mwanzoni hajui maskini kwamba Haitham ana kisima mikarafuuni, na ndani ya kisima mna wachumba wake waliotangulia. Vijana wa Gombani wakiisikiliza wamejifunika shuka mpaka kichwani, na kesho yake wanaulizana nani kalala taa inawaka.

"Jana Haitham kaleta mahari mchana," akasema.

"Na usiku?"

"Usiku karudi kuyaiba."

"Ehe. Na sehemu inayofuata?"

"Inayofuata... anamuua Raniya. Lakini mama..."

"Subhanallah. Yaani hata siku ya kuuliwa kwako ushaipanga."

"Haitham si Nassor, mama."

"Haitham ana mwanya?"

"Anao."

"Anapiga mluzi akipanda pikipiki?"

Khairat akaitikia kwa kichwa. Alipokuwa anamtafuta muuaji wa kupendeza, sura iliyomjia ilikuwa moja tu, ya Nassor mchumba wake, yule muuza samaki wa Tumbe anayepita kila asubuhi na deli la barafu nyuma ya pikipiki. Hakudhamiria ubaya. Moyo wake wote ulikuwa kule, na maneno yakaufuata.

Mara akaingia Ami Ishak, mdogo wa marehemu baba yake. Huyu ndiye walii wa Khairat, na bila yeye hakuna ndoa.

"Pikipiki ya Nassor imeonekana uani leo alfajiri," akasema, hata salamu hakutoa. "Alikuja kufanya nini?"

"Kaleta samaki, changu, Ami. Kamtundika mlangoni, zawadi ya mama."

"Kaleta changu, kachukua mahari."

"Na huyo changu yuko wapi?"

Bi Kazija akakohoa. "Tumempika," akasema. "Mwizi ni mwizi, na samaki ni samaki."

Shangazi Tatu, dada mkubwa wa Ami Ishak na marehemu, aliyetoka Wambaa kuja kusaidia shughuli ya harusi, alikuwa amekaa pembeni, kanga imemzunguka mara mbili.

"Weye dada hukusikia chochote usiku?" Ami Ishak akamuuliza.

"Mie tumbo linaniuma," Bi Tatu akasema, akageukia ukuta.

"Basi nasema hivi," akasema Ami Ishak. "Mahari yasipoonekana, ndoa hakuna. Simuozeshi mtoto wa marehemu kaka yangu kwa mwizi."

Habari ilikwishafika kwenye kundi kabla ya chai. Khairat akafungua simu.

"Mwalimu Khairat, ni kweli Haitham kaiba mahari ya kweli?"

"Usitoke nje leo, dada. Leo ndiyo zamu ya kisima."

"Mie nilisema toka mwanzo, mwanaume mwenye mwanya namna ile si wa kawaida."

Kabla hajamaliza kusoma, simu ikaita. Nassor.

"Khairat, ami yako kanipigia."

"Kasema nini?"

"Kasema nirudishe mahari. Mie nikacheka, nikadhani ndiyo utani wa wakwe. Nikangoja na yeye acheke."

"Nassor, yamepotea kweli."

"Nimeelewa. Na nimeelewa pia kwamba Tumbe nzima wananiita Haitham. Mzee mmoja pale dikoni tunaposhusha samaki kaniuliza nimewatia wangapi kisimani."

Khairat akataka kucheka, akajizuia.

"Nina swali moja tu," Nassor akasema. "Weye unaniamini?"

Neno ndiyo lilikuwepo pale pale mdomoni. Lakini kichwani ikamjia sauti yake mwenyewe, ile ya mkwaruzo, ikisoma mstari alioutunga kwa furaha wiki iliyopita: Wote waliomo kisimani walimwamini. Akachelewa. Pumzi mbili tu.

"Haya," Nassor akasema. "Ushanijibu."

"Sijasema kitu, Nassor."

"Ndiyo hilo."

Simu ikakatika.

Akamtumia ujumbe: "Nisikilize basi." Tiki mbili, zikawa za buluu, kimya. Akamtumia mwingine: "Nilishtuka tu, wallahi." Buluu, kimya. Jioni ndipo likaja jibu.

"Ami yako kasema Ijumaa itasomwa Halbadiri. Mwambie nitakuja kukaa mbele ya Shehe mwenyewe. Na ubani nanunua mie."

Halbadiri ni kisomo cha kumuapiza mwizi, na Pemba kikitajwa tu, hata kuku aliyepotea hurudi kwao mbio. Hutangazwa kwanza, ili aliyechukua apate nafasi ya kurudisha. Asiporudisha, kikishasomwa, watu husema tumbo humvimba au akili humruka. Ami Ishak alikitangaza msikitini, dukani na barazani. Siku zikapita, hakuna aliyerudisha hata sarafu. Ila Bi Tatu alikuwa hali wala halali, na kila akisikia neno Halbadiri anajibana kanga.

"Shangazi, nikupeleke hospitali?" Khairat akamuuliza.

"Usinipeleke popote. Weye jiangalie roho yako tu," Bi Tatu akamwambia, machozi yakimlengalenga.

Ijumaa baada ya swala ya alasiri, uwanja wa nyumba ukatandikwa mikeka. Wanaume wakakaa nje, wanawake ndani nyuma ya pazia la mlango. Shehe Talib akaja na kanzu iliyonyooka kwa pasi, akatua kitabu kwenye mto. Nassor akafika moja kwa moja kutoka sokoni, shati lina magamba ya samaki, mkononi ana karatasi ya ubani. Akautia mwenyewe kwenye chetezo, moshi ukapanda, akakaa katikati ya mkeka peke yake. Hakuna aliyemsogelea.

"Kijana, umekuja kwa hiari yako?" Shehe akamuuliza.

"Kwa hiari yangu, Shehe."

"Mie kisomo hiki sikipendi. Halbadiri haina breki. Kama una neno, liseme sasa."

"Sina neno. Anza tu."

Nyuma ya pazia, Khairat akainuka.

"Unakwenda wapi?" Bi Kazija akamdaka buibui.

"Kukaa."

"Si umekaa hapa?"

"Hapa sipo, mama."

Akalipita pazia, akatoka mbele za wanaume wote, akakaa kwenye ncha ya mkeka wa Nassor. Watu wakaguna. Ami Ishak akafungua mdomo, Shehe akamzuia kwa mkono.

"Binti, unajua maana ya kukaa upande huo?"

"Najua. Likimpata yeye, linipate na mie."

Nassor hakugeuka. Akasema chini chini, akitazama chetezo, "Nani kakutuma?"

"Sijatumwa."

"Juzi ulikuwa huna uhakika."

"Juzi nilimsikiliza Haitham. Na Haitham mwongo, nimemtunga mie."

"Na leo imekuwaje? Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Mahari bado hayapo, na mie nimekaa hapa."

"Ulichelewa, Khairat."

"Najua nilichelewa. Nikalie wapi tena? Mkeka wenyewe ndio huu."

Nassor akausogeza mguu kidogo, kumpa nafasi. Lilikuwa jambo dogo mno, lakini Khairat aliliona, na moyo wake ukatulia. Shehe Talib akafungua kitabu.

"Bismillahi..."

"Shehe, ngoja."

Pazia likafunguka. Bi Tatu akatoka, kanga ya kichwa imemteremka.

"Kabla hujasoma," akasema. "Mtaka kuua ndiye huyo hapo. Lakini aliyechukua mahari ni mie."

Ami Ishak akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Dada, unasema nini?"

"Nasema mie. Na Khairat mwenyewe ndiye aliyenituma."

"Mie, shangazi?" Khairat akashika kifua.

"Weye, kwa sauti yako. Skiza."

Bi Tatu akatoa simu yake ya kupangusa, aliyonunuliwa na mwanawe mwezi huo huo, akabonyeza mara tatu isikubali, ya nne ikakubali. Sauti ya Khairat ikatoka, polepole, na mkwaruzo wake:

"Nisikilizeni, jamani. Mchumba wangu leo kaleta mahari. Usiku huu atarudi kuyaiba, kisha ataniua. Yakiondolewa mapema, nitapona. Lakini anayejua asiseme. Akisema, ndiyo mwisho wangu."

Kijana mmoja nyuma akaanza kucheka, mwenzake akampiga kiwiko.

"Shangazi," Khairat akasema pole pole, "hiyo ni hadithi. Anayesema ni Raniya."

"Raniya gani? Sauti yako mie siijui? Mie ndiye niliyekubeba."

"Nilikutia kwenye kundi ili usikie hadithi, usikae na upweke."

"Umenitia asubuhi. Jioni nasikia unauliwa. Ulitaka nifanye nini, nikutumie kidole gumba?"

Hapo hata Shehe Talib akainamisha uso, mabega yakimtikisika.

"Na kwa nini hukusema siku zote hizi?" Ami Ishak akauliza, sauti imemnyong'onyea.

"Nitasemaje, na yeye kasema likisemwa atakufa? Nikanyamaza, mwanangu aishi. Nikifumba macho naliona lijitu hilo linamburura kisimani. Na lenyewe zuri, masikini, nikawa nasema hasara gani hii. Lakini leo kaja kukaa naye mkeka mmoja, na Halbadiri imsomewe mwenye kuchukua, nikasema tutakufa sote kwa mpigo."

Akageukia ukuta, akafungua kanga, akachokora kibindoni. Akatoa leso nyeupe, imekunjamana na joto la tumbo, fundo lake bado halijaguswa. Akaiweka mbele ya Shehe.

"Tumbo lilikuwa linaniuma kweli," akasema. "Fundo gumu hilo, na mie nalilalia."

Nassor ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka kwa ghafla, mwanya wote nje, akashika mbavu, na watu wote wakafuata. Bi Kazija akasikika nyuma ya pazia:

"Mwanangu Nassor, yule changu alikuwa mtamu sana. Sikupata kukwambia."

"Inshallah nitaleta mwingine, mama."

Ami Ishak akaja akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. "Kijana, nimekudhulumu mbele za watu. Nami nakuomba radhi mbele za watu."

"Nimesamehe, Ami. Lakini nimechoka kusafiri na jina la mtu mwingine. Nirudi Tumbe na jibu moja, ndiyo au hapana."

"Harusi tulisema mwezi ujao..."

"Ishak," Shehe Talib akaingilia, akikifunga kitabu. "Mie nimetia udhu, nimepiga pasi kanzu, nimekuja. Walii wewe upo, mashahidi tele, ubani unanukia, na mahari ndiyo hayo. Kisomo kingine nakijua, na hicho nakipenda. Karamu iwekeni mwezi ujao. Nikaha tuifunge leo."

"Shehe, shati langu lina magamba," Nassor akasema.

"Magamba hayajabatilisha ndoa ya mtu."

Nassor akatazama shati, kisha akamtazama Khairat, mara ya kwanza tangu afike. "Basi muulizeni mwenyewe. Asije akaolewa kwa kuwa ubani ulikuwa unawaka."

Khairat akarudishwa ndani mbio. Wanawake wakamkalisha juu ya kitanda kati ya nguo ambazo Bi Kazija hajazikunja tangu siku ya msako, wakamfunika kanga mpya ambayo maandishi yake bado yana wino mkali, Bi Tatu akimfuta jasho na kumwomba msamaha kwa zamu. Shehe akasimama mlangoni, nje ya pazia.

"Khairat, unaniruhusu mie na ami yako tukuozeshe kwa Nassor, kwa mahari yaliyopo? Ukiona haya usiseme kitu. Mwari akinyamaza, hiyo ndiyo idhini yake."

"Nyamaza, mwanangu," Bi Kazija akamnong'oneza. "Ndivyo inavyopendeza."

Khairat akaiondoa kanga usoni, akanyoosha mkono, akalifungua pazia kiasi cha sauti kupita mpaka kwenye mkeka.

"Sinyamazi, Shehe. Namtaka Nassor, na ninamwamini. Niozesheni, na yeye asikie."

Bi Kazija akajifunika uso kwa haya. Bi Tatu akapiga vigelegele peke yake, kisha nyumba nzima ikampokea, na huko nje Shehe Talib akaketi, akaunyoosha mkono wake, akaushika wa Nassor.