Samaki Waliokatwa Katikati

Bwawa lilikuwa tupu. Wavu wa kuwazuilia samoni ulikuwa umekunjwa vizuri na kuwekwa pembeni, maana mwizi alikuwa mtu wa adabu.

Inspekta Verna Haugstad alichuchumaa ukingoni. Mvua ilikuwa ikinyesha, lakini hapa Hallvik mvua si habari. Kwetu hali ya hewa hutajwa siku jua linapotoka, tena kwa kunong'ona, lisije likasikia likarudi ndani.

"Majike wote wenye mayai, na madume yao," alisema Prosser, meneja wa kituo cha kutotolesha samaki. "Jana Jumapili asubuhi. Mlinzi alikwenda ukumbi wa zimamoto, kwenye mlo wa hisani wa chapati za maji."

"Mji mzima ulikuwa huko. Hata mimi. Kufuli?"

"Halikuvunjwa. Limefunguliwa kwa ufunguo. Ninao mimi, anao mlinzi, na anao Denise."

Denise Nygaard alikuwa fundi wa vijito. Kila vuli samoni hurudi kutoka baharini, hupanda kijito walichozaliwa, hutaga mayai, kisha hufa. Kazi ya Denise ilikuwa kutembea ndani ya maji hayo ya barafu, buti za mpira hadi kiunoni, akihesabu walio hai na waliokufa.

"Na leo ametuita kwa redio," Prosser aliendelea. "Eti samoni wamerudi Kijito cha Kunguru! Kijito kisichoona samaki miaka mingi. Ndicho anachokililia kila mkutano tusiache kukikagua. Unataka ushahidi gani tena? Nimeshamsimamisha. Wewe mfungulie mashtaka, asikanyage tena mto wa serikali maisha yake yote."

Verna aliwaacha askari wa maabara wapige picha alama za matairi na kuokota magamba. Alama za vidole hazikupatikana. Mvua ilikuwa imeziosha zote.

Akashuka mwenyewe hadi mtoni, nyuma ya ua, penye miti minene. Pale mtu angeweza kuegesha gari na kumchungulia mlinzi mpaka aondoke. Kokoto zilijaa samaki waliokufa kifo chao cha kawaida. Wengi miili yao ilikuwa mizima, ila hatua chache kuzunguka alama za matairi kila samaki alikuwa amekatwa vipande viwili, katikati, kwa pigo moja.

Verna alisimama pale muda mrefu kuliko upelelezi ulivyohitaji. Kumbukumbu ikamrudishia mlio wa panga juu ya kokoto, na harufu ya koti la sufi la marehemu baba yake, aliyehesabu samaki mto huu huu, koti ambalo mama alikataa katakata lisiingie nyumbani kuanzia Septemba hadi theluji ianguke. Likaning'inia barazani, likinuka samaki, na watoto walijua kuwa baba amerudi kabla hawajamwona.

Alirudi kituo cha polisi. Denise alikuwa amekaa kwenye chumba cha mahojiano, soksi zikichuruzika maji.

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Miguu ilikuwa imegoma."

"Nani alikuona?"

"Paka."

"Paka hatoi ushahidi."

"Huyu angetoa, Inspekta, tena dhidi yangu. Ananichukia."

"Garini mwako kuna magamba."

"Hata kwenye mkate wangu yamo. Nimefanya kazi hii toka nimalize shule. Sijui nyingine, na siitaki nyingine. Mimi niliwaona tu wale samaki. Nilidhani wamerudi. Nililia, kusema kweli, kabla ya kushika redio."

"Ukikuta samoni mfu, unamfanyaje?"

Denise alishangaa. "Namkata mkia."

"Mkia tu?"

"Ndivyo tunavyofundishwa. Mwili ubaki mzima, wataalamu wapate kupima. Kukata katikati, hayo ya wazee."

"Wazee gani?"

"Si baba yako na Torleif? Sasa amebaki Torleif tu."

Torleif Brekke alikuwa amestaafu kazi hiyo ya vijito zamani, akaishi kando ya mto, akidanganya watalii. Alimpokea Verna kwa kahawa nyeusi kiasi cha kupaka mtumbwi badala ya lami.

"Mwizi nimemwona, binti yangu. Dubu. Ndoo mkono huu, ndoo mkono huu."

"Kufuli alilifunguaje?"

"Kwa ukucha. Dubu wa siku hizi wamesoma."

"Tutembee, mzee."

Walishuka ukingoni. Torleif akaanza habari za zamani: walivyolala na baba yake Verna juu ya mti, mbwa mwitu wakiwa chini wakisubiri wamalize mabishano, baba yake alivyoimba vibaya hata dubu wakahama bonde. Verna alicheka kweli. Na mzee, akiendelea kusimulia, alichomoa panga kiunoni. Chap. Samaki mfu akawa vipande viwili. Hatua chache, chap, mwingine. Hadithi haikukatika hata neno.

Verna aliacha kutembea. Torleif aligeuka, akamwona, akaliangalia panga lake.

"Umemkata wa nini, mzee?"

"Asihesabiwe mara mbili."

"Anahesabiwa na nani? Si ulistaafu?"

Mzee alilifuta panga kwa paja la suruali, taratibu. "Mkono haujastaafu," alisema. "Lakini panga si ushahidi. Kila nyumba ina panga."

"Denise yuko polisi. Prosser anataka afungwe."

Uso wa Torleif ulibadilika. "Denise huyu wa Nygaard? Kwa samaki wangu?" Akavua kofia, mvua ikimpiga upara. "Hilo sikulipanga. Niliwaweka kijitoni, nikajua watasema wamerudi wenyewe. Andika basi. Ufunguo ninao tangu enzi zangu; lile kufuli nililiweka mimi, na hao vijana hawajawahi kulibadili. Samaki niliwabeba kwenye tangi la maji. Peke yangu."

"Kwa nini?"

"Signe."

Mkewe alikuwa nyumba ya wazee, kumbukumbu zikimtoka kidogo kidogo. Miaka yao ya mwanzo walikitembea pamoja Kijito cha Kunguru, yeye akihesabu walio hai, Torleif wafu. Sasa kila vuli aliuliza swali moja: wamerudi?

"Namjibu wamerudi, wengi, wamejaa. Mimi uongo ni kazi yangu, unanijua. Lakini safari hii akasema, nipeleke nikawaone. Wauguzi wanamtoa leo mchana. Ningempeleka kwenye maji matupu?"

Verna alichukua redio. "Mwacheni Denise aende. Mwambieni Prosser mwizi amekiri." Kisha akamtazama mzee. "Wewe nakukamata. Ila gari litapitia nyumba ya wazee."

Signe aliketi juu ya blanketi ukingoni mwa Kijito cha Kunguru, mikono ndani ya mikono ya koti. Majini samoni walikuwa wakisukumana, migongo nje. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hawa si wa hapa," alisema. "Wa hapa walikuwa wafupi, wana nundu. Umewaiba wapi, Torleif?"

"Kituoni kwa Prosser."

"Mwongo wewe, tena mwizi." Akamwegemea begani, akicheka kimyakimya mpaka machozi yakamtoka.

Jike mmoja alilala ubavu, akachimba kokoto kwa mkia, maji yakachafuka. Dume akasogea. Mayai yakashuka shimoni.

Torleif alisimama, akamnyooshea Verna mikono. "Haya, binti." Verna akatoa pingu.

"Ngojeni," alisema Signe, bila kuondoa macho majini. "Hajafukia mayai bado."

Verna alizirudisha pingu mfukoni, akaketi kwenye kokoto mbichi kando yake.