Bukari Mfukoni

"Mukwe, unacheza na chakula ama unakula?"

Maman Viviane aliuliza huku akinisukumia sahani. Bukari, ugali wetu, ilikuwa bado inatoa mvuke. Pembeni kulikuwa na sombe, majani ya muhogo, na nyama ya mbuzi. Ilikuwa Jumapili mchana, sebuleni kwake Evere, Brussels, na nilikuwa nimekuja kumuomba binti yake, Emmanuella, nimuoe.

"Nakula, maman."

"Mbona haipunguke?"

Tonton Tshibangu, mdogo wa marehemu mume wake, ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Alinikagua kama mtu anayetaka kununua gari la mkono wa pili.

"Jérôme, mwanaume iko mudogo hivi na bado hakule? Utabeba mutoto yetu na nguvu gani?"

Watu wakacheka. Emmanuella hakucheka. Alikuwa anaangalia mkono wangu.

Aliniomba kitu kimoja tu. Asubuhi ile alinitumia ujumbe:

"Chéri, kwetu mukwe akikataa chakula ya maman, amekataa famille. Leo tu, kula. Kesho hauna course, donc hauna sababu."

Nikamjibu: "Sina course. Nitakula."

Nilikuwa na mbio kesho yake. Mimi ni joki, napanda farasi wa mbio. Ijumaa bosi mmoja mwenye farasi alinipigia. Joki wake alikuwa ameanguka na kuvunjika bega, na farasi jike wake, Brume, alipangiwa uzito mdogo.

"Ukifika cinquante-trois, kilo hamsini na tatu, na tandiko lako, ni wako," alisema. "Usipofika, naita kijana."

Nikasema nitafika. Nina miaka arobaini na mitatu. Katika umri huu ukikataa mara moja, simu hailii tena.

Tangu siku ile niliishi kwa kahawa nyeusi na vipande vya barafu. Nilikimbia barabara za Ixelles nimevaa nailoni chini ya makoti mawili, kisha nikakaa kwenye beseni la kuogea, maji ya moto na chumvi, mpaka vidole vikakunjamana. Njaa ilikuwa imeshaondoka. Ukifika hapo husikii kitu. Si njaa, si baridi, si aibu.

Kwa hiyo kila walipogeuka kucheka, nilikata tonge, nikalifunga kwenye karatasi ya kufutia mikono, nikalitia mfukoni mwa koti. Nyama vilevile. Sahani ikaisha.

"Voilà," alisema Maman Viviane. Uso wake ulifunguka. "Sasa njo mwanaume."

Tonton akasimama kunikumbatia. Akanivuta kifuani, kisha akatulia. Mafuta yalikuwa yamepenya koti, yakamgusa mkono.

"Hii nini?"

"Si kitu, tonton."

"Toa."

Nikatoa. Karatasi zikafunguka mezani, matonge na vipande vya mbuzi mbele ya watu wote.

"Chakula ya nyumba hii unapelekea nani?" Tonton aliuliza kwa sauti ya chini. "Muntu mwenye njaa anatia mu tumbo. Mwenye anatia mu poche, anakipeleka fasi ingine. Batu wa fasi ile tunabajua."

"Mimi si mulozi, tonton, si mchawi. Kesho nina mbio. Napimwa kwenye mizani. Nikila, sipandi."

Emmanuella akainua kichwa.

"Ulisema hauna course."

"Mella..."

"Ulisema hauna, Jérôme."

Maman Viviane alianza kukusanya zile karatasi, moja moja, kama anayefanya usafi baada ya mgonjwa.

"Ungeniambia tu," alisema bila kunitazama. "Bwana yangu alikuwa na sukari. Miye najua kupikia muntu mwenye hakule."

Emmanuella alinisindikiza mpaka kwenye lifti. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na kazi yake kubwa ni kuwalisha.

"Siku yote nabembeleza wazee bakule," alisema. "Kijiko moja kwa papa, kijiko moja kwa maman. Nikitoka pale nakuja kwako, naanza tena. Nimechoka."

"Nitaacha, siku moja."

"Sikuomba uache. Niliomba usinidanganye. Ungesema, 'Mella, sitakula,' ningekaa kando yako, ningeeleza famille. Sasa nieleze nini?"

Lifti ikafika. Nikaingia. Nilijua kwamba ningepaswa kulia, lakini machozi ni maji, na maji nilikuwa nimeyatoa yote.

Jioni nilimwandikia: "Nisamehe." Alama mbili zikageuka bluu. Hakujibu.

Kesho yake uwanja wa mbio, nje ya Brussels, ulikuwa na ukungu. Nilipanda mizani nikiwa nimekumbatia tandiko. Karani akaangalia namba, akatikisa kichwa kukubali. Nilipogeuka nikaona mtu nje ya kioo, kwenye kundi la watazamaji. Koti refu, kofia ya manyoya. Tonton Tshibangu. Alikuwa ananiangalia mbavu.

Nikatoka mpaka kwenye uzio.

"Tonton, umekuja kufanya nini?"

"Kuona. Kama ni bulozi, nione. Kama ni kazi, nione." Akaonyesha mizani kwa kidole. "Kila wiki banakupima hivi? Kama gunia ya kahawa?"

"Kila mbio."

"Na ukizidi?"

"Anapanda mwingine."

Akavuta pumzi. "Nenda. Farasi anakungoja."

Joki haketi juu ya farasi. Unasimama kwenye vikuku vya tandiko, magoti yamekunjwa, mgongo umelala, na mnyama wa karibu nusu tani anakimbia chini yako. Mapaja huwaka moto. Siku ile hayakuwaka. Sikuyasikia kabisa. Nilimsikia Brume akihema, nikaona mikono yangu inamsukuma shingo kama mikono ya mtu mwingine. Tukamaliza wa tatu. Niliposhuka, nikajishika kwenye tandiko mpaka ardhi ikatulia. Nikapimwa tena. Uzito uleule.

Nilipotoka, gari la Tonton lilikuwa kwenye maegesho. Emmanuella alikuwa ameegemea mlango, bado na sare yake ya kazi chini ya koti.

"Wewe pia?"

"Tonton alinipigia. Alisema, 'Kuja, bwana yako si mulozi. Ni mufupa.'"

"Nilisema mufupa mwenye kichwa nguvu," Tonton alirekebisha kutoka ndani.

Kisha akashuka, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake, akatoa kifurushi cha karatasi ya aluminiamu. Akakifungua juu ya boneti. Bukari. Vipande vya mbuzi. Vilikuwa bado vuguvugu.

"Viviane njo amepika. Nimetembea nayo mu poche kama mwizi, juu yako. Batakupima tena?"

"Basi. Leo imekwisha."

"Alors, kula."

Nikakata tonge. Likaniponyoka. Emmanuella akakata lingine, dogo, akalisogeza mdomoni mwangu.

"Kijiko moja kwa papa," alisema.

Hakutabasamu. Nikafungua mdomo. Sikusikia ladha. Sikusikia chumvi. Nilisikia tu vidole vyake kwenye midomo yangu, na vilikuwa baridi.

"Mella, Alhamisi kuna course ingine. Najua bosi atapiga."

"Asante kwa kusema."

"Sijui kama nitaenda."

"Hilo utasema ukijua. Tafuna."

Simu ya Tonton ikalia. Akaweka sauti nje. Alikuwa Maman Viviane.

"Tshibangu, anakula?"

"Anakula."

"Unaona na macho?"

"Naona."

"Na mu poche, hakuna kitu?"

Tonton akanitazama. Nikageuza mifuko yangu nje, mmoja, halafu wa pili.

"Hakuna, Viviane."

Sufuria iligonga kitu upande wake.

"Bon. Mwambie alete wazee wake samedi, Jumamosi hii. Dot, ile mahari, tutaongea. Na anieleze mbele kama atakula ama hatakula, nijue namna ya kupika."

Simu yangu ikaanza kutetemeka kifuani. Bosi wa Brume. Mikono yangu ilikuwa imejaa mafuta, kwa hiyo Emmanuella aliitoa, akasoma jina, akanitazama. Mdomo ulikuwa umejaa.

Akapokea.

"Il mange," alisema. Anakula. "Rappelez plus tard." Piga tena baadaye.

Akakata, akaitia mfukoni mwake, akaanza kukata tonge lingine.