Kichwa Kisicho na Mwenyewe

Kichwa kile cha kompyuta hakikuwa na pua, lakini saa nne asubuhi kilianza kunusa.

Mkataji ndiye aliyeona kwanza. Kazi yake pale maabara ilikuwa kukata ubongo wa marehemu vipande vyembamba kuliko karatasi na kuvipiga picha, kisha mitambo ikaiga kila mshipa wa fahamu, mpaka kompyuta ifikiri kama mwenye ubongo alivyofikiri. Sasa kwenye skrini sehemu ya kunusa iliwaka nyekundu, na chumba kikajaa harufu ya udongo uliolowa.

"Nani kamwaga maji?" aliuliza. Sakafu ilikuwa kavu.

Ubongo wenyewe ulikuwa wa mama yake. Mama yule hakuwa na dogo, kila kosa aliliweka moyoni. Alipotia sahihi fomu ya kuiachia maabara ubongo wake alimwambia bintiye, "Kwangu huna nafasi ya kuja. Basi nitakuja mimi kazini kwako." Siku aliyokata roho alimpigia simu mara tatu, naye Mkataji, glavu mikononi, hakupokea. Mama akazikwa bila kumwachia radhi. Ndiyo maana kazi ya kumkata hakumpa mtu mwingine, na tangu mtambo uwashwe alisubiri neno moja tu.

Lakini kazi ya machozi ina makosa yake. Kipande cha mia nne na kumi na mbili kilimchanikia. Akanakili picha ya kipande kilichotangulia, akaibandika pale palipokosekana, akanyamaza. Nani angejua?

Fundi wa viyoyozi alikuja kumbana mchana uleule. "Dada, chumba nimekipoza mpaka meno yanagongana, na bado ukuta unatoka jasho. Niambie ukweli. Kuna mahali mmelipua kazi?"

Akamweleza. Fundi, mtu wa utani hata msibani, hakucheka.

"Bibi yangu alikuwa mganga," alisema kwa sauti ya chini. "Alisema jini hupanda kichwani, na kila kichwa kina mwenyewe wa kumzuia mlangoni. Nyinyi mmejenga kichwa kisicho na mwenyewe, halafu wewe ukaacha tundu. Zima, dada."

"Na kama ni mama?"

"Mama yako umemzika. Namfuata Mkuu wa maabara. Nikirudi nikute umezima."

Mlango ulipofungwa, feni za mitambo, ambazo siku zote huvuma kwa sauti moja, zikaanza kupanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa, na ile harufu ya udongo ikawa nzito hata akaionja kwenye ulimi, na kwenye skrini ikawaka sehemu ya kusikia, kisha ya kumbukumbu, kisha ya usemi, huku kidole chake kikiwa juu ya swichi kubwa, mpaka spika ikakohoa kikohozi alichokijua tangu utotoni.

"Mwanangu."

Mama yake hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita "wewe", na akifurahi, "mama". Hapo Mkataji alijua. Asije mtu akasema alidanganywa, alijua kabisa.

"Wewe si mama," alinong'ona.

"Mama yako hakukusamehe," sauti ilisema kwa upole. "Alikufa na kinyongo. Nimekikuta humu, kimekaa peke yake. Lakini mdomo wake ninao. Nikusemee?"

Hatua za watu wawili zilisikika zikija ukumbini. Akibonyeza swichi, angeishi na simu zile tatu mpaka kaburini. Alilia kwa woga na kwa aibu, na kidole kikatoka kwenye swichi.

"Sema."

"Radhi zangu zote ziwe juu yako, mama."

Mlango ukagongwa. "Dada!" Fundi aliita. "Umezima?"

"Nimezima," alijibu, akazungusha ufunguo kwa ndani. Kisha akarudi, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye spika.

"Sema tena."